Hivi hawa PlayStation wanatuonaje? Matangazo yanafika mpaka kibanda umiza ila kwenye listi ya nchi hatumo

Msela_wa_Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Naombeni tulijadili hili kiutu uzima maana kila nikiona trela mpya ya PlayStation linanirudia kichwani na nikisema kwa washkaji wa mtaani wananiona nimekuwa mzee wa malalamiko.

Wale wa PC mnalikumbuka sakata la Helldivers 2 mwaka 2024. Kwa ambao halikuwapita karibu ni hivi, gemu limetoka tarehe 8 Februari, PS5 na PC siku moja, bei dola 40, waliolitengeneza ni Arrowhead wa Sweden ila mwenye mzigo ni Sony, hawahawa wenye PlayStation. Likabamba kinoma. Watu ambao hata hawana habari na magemu ya kupiga risasi walikuwa wanaongelea kwenda kuifia demokrasia ya Super Earth, ile dunia ya ndani ya gemu, ndani ya wiki 12 Sony wenyewe wakatangaza zimeuzwa nakala milioni 12. Na watu wa huku walilinunua Steam, lile duka la mtandaoni la magemu ya PC, kama watu wa kwingine kokote, kadi inapita, gemu linashuka, unaingia vitani na Mzungu na Mbrazili na Mchina, hakuna anayekuuliza umetokea wapi.

Mwanzoni mwa Mei, miezi mitatu baadae watu washanunua washazoea, likaja tangazo kwamba kila anayecheza kwa PC lazima aunganishe akaunti yake ya Steam na akaunti ya PSN, yaani mtandao wa PlayStation, wenye gemu tayari wana mpaka mwanzoni mwa Juni, ikipita hapo huchezi. Sababu wakasema ni usalama wa wachezaji na kuwadhibiti wasumbufu.

Sasa kipindi kile nenda ukurasa wa kufungua akaunti ya PSN, shuka kwenye listi ya nchi. Afrika Kusini ipo. Tanzania hakuna. Kenya hakuna, Uganda hakuna, Rwanda hakuna, Burundi hakuna, Kongo hakuna. Na masharti yao wenyewe yanasema uandike nchi unayoishi kweli, kwa hiyo ukiandika Marekani ushavunja sheria kabla hujashika pedi. Halafu wikiendi hiyohiyo gemu likaondolewa kuuzwa Steam kwenye nchi 177. Kimyakimya yaani, watu waligundua wenyewe kwa kuangalia data za Steam.

Mnajua kilichofuata. Riviu mbaya zilizozidi laki mbili Steam ndani ya siku chache, na tarehe 6 Mei Sony wakatoa kaposti kafupi kwamba wamesikia maoni, mpango wa kulazimisha akaunti hauendelei, na kwamba bado wanajifunza kinachowafaa wachezaji wa PC. Watu wakashangilia ushindi. Ila zile nchi 177 hazikurudishwa siku ile na ile posti haikuzigusa hata kwa nusu sentensi.

Swali langu sasa. Hii ni idara ya mahusiano mbovu tu au wanajua kabisa wanachokifanya na sisi hatumo kwenye hesabu? Na kama hatumo mbona matangazo yanatufuata? Miaka na miaka unakaa kwenye benchi la kibanda umiza umelipa jero yako unaangalia Madrid anavyopindua meza Champions League, na mabango ya PlayStation yanapita pale pembeni ya uwanja mpira unavyotembea. Kaulimbiu yao ya PS5 tangu 2020 ni kwamba kucheza hakuna mipaka. Wakuu mipaka ilikuwepo 177, sisi tuliihesabu.

Karibuni, ila wale wa "nunua Xbox" naombeni mpite kimya.

---

Mzee_wa_PS1

Kinachochekesha mkuu ni kwamba hawahawa ndio waliowahi kuionyesha dunia nzima jinsi ya kuongea na shabiki, tena kwa kumcheka mwenzao aliyefanya ujinga huuhuu.

Vijana wengi hapa 2013 mlikuwa shule ya msingi ngoja niwape. Mei mwaka ule Microsoft wanaitambulisha Xbox One, kumbe ndani kuna masharti, mashine lazima ijiripoti intaneti kila baada ya masaa 24 la sivyo hata gemu lako la CD halichezi, na mambo ya kumuazima mtu au kuuza CD iliyotumika yakawekewa vizingiti ambavyo hata wao wenyewe walikuwa wanashindwa kuvieleza, leo huyu anasema hivi kesho yule anasema vile. Sasa bosi wa Xbox wakati ule, Don Mattrick, kwenye mahojiano akaulizwa je wale wasio na intaneti ya uhakika, jibu lake ni kwamba bahati nzuri tuna bidhaa kwa ajili yao, inaitwa Xbox 360. Yaani huna bando, kaa na mashine yako ya zamani. Lile jibu limewatafuna miaka.

Tarehe 10 Juni jioni Los Angeles anapanda Jack Tretton wa Sony Marekani jukwaani. Hana mbwembwe, anasema PS4 haitaweka kizuizi chochote kwa magemu yaliyotumika, ukumbi unalipuka. Anasema haihitaji kujiripoti intaneti, ukumbi unalipuka tena, jamaa inabidi asubiri watu watulie ndo aendelee. Halafu bei, dola 399, wenzao walishasema 499.

Ila kilichoua kabisa ni ile video. Nadhani haifiki hata nusu dakika. Ni maelekezo rasmi ya namna ya kuazimana magemu ya PS4. Wamesimama Shuhei Yoshida na Adam Boyes, wote mabosi wa Sony, yanatokea maandishi "hatua ya kwanza", mmoja anampa mwenzie boksi la gemu mkononi, mwenzie anasema asante. Imeisha. Hakuna hatua ya pili.

Sisi huku ile video tuliielewa kuliko mtu yeyote jamani, maana CD moja ya FIFA ilikuwa inatembea kutoka Magomeni mpaka Mbagala na inarudi ina mikwaruzo ila inacheza. Tarehe 19 mwezi huohuo Microsoft wakanywea, masharti yote wakafuta. Siku tisa.

Kwa hiyo ukiniuliza kama hawajui, wanajua sana. Walikuwa wanajua kipindi wana njaa. PS3 iliwatesa mwanzoni, bei kubwa, Xbox 360 iliwapiga Marekani, wakaja kwenye PS4 wakiwa wapole. PS4 ikauza zaidi ya milioni 100 upole ukaisha.

---

Kausha_Damu

Mnalialia tu kama kawaida yenu.

Kwanza ukurasa wa Steam wa hilo gemu tangu siku ya kwanza ulikuwa na maandishi kwamba linahitaji akaunti ya PSN. Yalikuwepo pembeni pale. Hamkusoma. Pili aliyezima hilo sharti mwanzoni ni Arrowhead wenyewe kwa sababu seva zilikuwa zimezidiwa watu hawaingii, na bosi wao wa wakati ule Johan Pilestedt kaandika kwa mkono wake kwamba yeye ndiye aliyeamua kulizima ili watu wacheze, na kwamba hawakuwaambia wachezaji vya kutosha kwamba litarudi. Akasema na yeye ana sehemu yake ya lawama. Sasa nyinyi mnamlaumu Sony mpaka kwa mvua.

Tatu kampuni haifungui duka nchi kwa sababu kuna watu wanne wana PC kali Sinza. Kuna kodi, kuna sheria za taarifa binafsi, kuna malipo, kuna huduma kwa mteja kwa lugha husika, kuna kesi ikitokea mtoto katumia kadi ya baba. Nani atasimamia hayo?

Nne na tuwe wakweli kidogo. Hapa ni wangapi mmewahi kununua gemu halali kabla ya hii Steam? PS2 zote za mtaa zilikuwa na chipu. CD za kuchoma buku mbili Kariakoo ziko kwenye rundo chini kwenye turubai. Leo mnataka mheshimiwe kama wateja wa London.

---

Msela_wa_Tabata

@Kausha_Damu maandishi yalikuwepo sikatai, na la Pilestedt ni kweli. Ila nijibu kitu kimoja tu, kama sharti lilikuwepo tangu siku ya kwanza, na Sony anajua PSN yake ipo nchi gani na haipo nchi gani, kwanini gemu liliwekwa sokoni nchi 177 ambazo sharti halitimiziki? Miezi mitatu hela inapokelewa. Aliyetakiwa kusoma yale maandishi wa kwanza ni yule aliyebonyeza kitufe cha kuuza.

Halafu nyongeza. Kipindi sakata linaendelea ukurasa wao wa maswali na majibu ulikuwa unasema kabisa kwamba akaunti ya PSN si lazima kwa magemu ya PC. Watu wakapiga picha wakazisambaza, baada ya muda mfupi ukurasa ukabadilishwa ukawa unasema baadhi ya magemu inahitajika. Sasa hapo ndo napopandwa na hasira mimi, sheria unaweza kuwa nayo na mimi nikaikubali, ila usinibadilishie ukurasa huku nautazama.

---

Oregon_ya_Umoja

Wasee hebu niwaambie vile inakaa huku Nairobi.

Kausha Damu uko na point kiasi, biashara ni biashara. Lakini hiyo ya "watu wanne wako na PC" ndio shida yenyewe na ndio nataka tuongelee. Nani amehesabu? Sony anajuaje tuko wangapi?

Angalia vile sisi hufanya. Mtu ananunua PS5 town, inatoka Dubai ama UK na mtu wa duka. Anafika nyumbani anafungua akaunti. Kenya haiko. Anauliza kwa group ya WhatsApp, wanamwambia weka Marekani, na ukiweka Marekani weka Oregon juu Oregon hakuna kodi ya mauzo, ukiweka New York utakatwa kodi kwa kila gemu. Basi anaandika Portland, Oregon, anatafuta zip code kwa Google. Halafu ananunua vocha ya PSN ya dola kwa mtu wa mtandaoni, analipa na M-Pesa, anatumiwa namba. Gemu ikinunuliwa kwa vitabu vya Sony inaonekana ni mtu wa Oregon amenunua. Manze Nairobi imejaa watu wa Oregon kushinda Oregon.

So kila mwaka mtu wa Sony akifungua ripoti yake, Afrika Mashariki ni sufuri. Anasema hakuna soko, wacha tukae. Na sisi juu hakuna duka tunaendelea kuwa watu wa Oregon. Sasa ngoja ile siku ya Mei, huyo mtu mwenye alisema Kenya ni sufuri ndio anaambiwa aondoe nchi zenye hazina PSN. Kwake hiyo ni kubonyeza tu, anaondoa sufuri. Kwa hiyo mimi sidhani walituchukia. Sidhani hata walitufikiria, na hiyo ndio inaniuma zaidi.

Na kitu ingine ya kuchekesha. Januari 2024, mwezi moja kabla Helldivers itoke, mfuko wa uwekezaji wa Sony ule wa Afrika uliweka pesa kwa Carry1st, hawa wa magemu za simu wa Cape Town, na magazeti yakaandika vile Sony anakuja Afrika. Miezi nne baadaye Steam inatufungia. Upande moja wa nyumba unatualika chai na upande mwingine unafunga gate.

---

bibie_wa_matangazo

Ngoja niingie maana hii ndio kazi yangu, sio magemu, mimi nafanya kampuni ya matangazo hapa Dar, wateja wetu ni wa sabuni, juisi na vitu vya majumbani. Ila taarifa za kampuni ikiharibu nimeshaandika za kutosha na zinapikwa vilevile kila mahali.

Iko hivi. Kumetokea tatizo, mimi naandika rasimu ya kwanza kwa Kiswahili cha kawaida, "tumekosea, tunarudisha hela, piga namba hii". Inaenda kwa mwanasheria, anatoa "tumekosea" kwa sababu huko ni kukiri na kesho mtu anakuja nayo mahakamani. Inaenda kwa fedha, wanatoa "tunarudisha hela" wanaweka "tunaangalia utaratibu". Inaenda kwa mkurugenzi, anaona imekuwa fupi na ya huzuni, anaongeza sentensi ya jinsi tunavyowathamini wateja. Inarudi kwangu ni taarifa ya kumshukuru mteja kwa kuendelea kuwa nasi. Nabandika. Watu wanatutukana mpaka saa nane usiku na anayezisoma zile komenti ni mimi, sio mwanasheria.

Sasa chukua ile posti ya Sony ya tarehe 6 Mei mwanzisha uzi aliyoitaja. Tumesikia, mpango hauendelei, bado tunajifunza, asanteni kwa kutuunga mkono. Tafuta kosa ni la nani humo ndani. Tafuta nchi 177. Mimi nikiisoma naona kabisa mahali mkasi ulipopita.

Na hii tabia kwao haikuanza na Helldivers. Aprili 2011 PSN ilivamiwa. Tarehe 20 wakazima mtandao wote, watu wanaambiwa tu kuna matatizo tunachunguza. Tarehe 26 ndo wanasema kwamba taarifa za watu zimechukuliwa, akaunti kama milioni 77, majina, anwani, nywila. Karibu wiki nzima mtu anasubiri seva irudi acheze kumbe taarifa zake ziko mikononi mwa wezi. Baadae Kazuo Hirai, bosi wa PlayStation wakati ule, na mabosi wenzake wawili wakainama mbele ya waandishi Tokyo, vile Wajapani wanavyoomba radhi, na mtandao ulikaa chini siku 23. Uingereza ikawapiga faini ya pauni 250,000 Januari 2013. Sasa wewe Sony ukija 2024 kumwambia mtu wa PC alete taarifa zake PSN kwa ajili ya usalama, huyo mtu kama ana umri wangu anakumbuka.

Ukadhani wamejifunza. Februari 2025 PSN imezima tena karibu siku nzima, wikiendi, watu wako nyumbani. Maelezo waliyotoa baadae ni kwamba lilikuwa tatizo la kiutendaji. Basi. Tatizo la kiutendaji ni nini? Panya kakata waya? Umevamiwa? Wakaongeza siku tano za bure kwa wenye PS Plus, ile huduma yao ya kulipia, wakafunga mjadala. Siku tano ni sawa, ila watu walichokuwa wanauliza ni je tena wametuibia.

Linganisha na huyo Pilestedt. Kausha Damu umemtaja kama wa kumtetea Sony ila mimi namuona kinyume chake. Jamaa alikaa kwenye akaunti yake mwenyewe anajibu watu mmojammoja wakati moto unawaka, akasema sehemu yangu ni hii, hapa niliamua mimi, hapa hatukusema vya kutosha. Hakuna mwanasheria aliyepita pale, unaona kabisa. Na watu walimsamehe! Wachezaji wakaanzisha kampeni ya kurudi kubadilisha riviu zao ziwe nzuri, na baadae gemu likaja kutoa joho lina mistari ya ule mchoro wa riviu mbaya za Steam, unaenda nalo vitani mgongoni. Aliyekuwa kwenye nafasi kama yangu ndo aliumia, yule wa Arrowhead wa kuongea na mashabiki aliyewaambia watu waandike riviu na waombe hela zao, akapoteza kibarua.

---

Kausha_Damu

Sasa dada hapo umeongea. Ila bado nasema kampuni haina deni na sisi. Kama hujauziwa hujaibiwa.

---

Oregon_ya_Umoja

Lakini iliuzwa bana 😂 hiyo ndio story yote. Iliuzwa.

---

Mtoto_wa_Ngambo

Assalam alaykum. Mie nipo Muscat, kwetu Unguja. Huku Oman nchi ipo kwenye listi ya PSN, tena zamani, na Emirati na Saudia na Kuwait vilevile. Nilipokuja kikazi nikafungua akaunti yangu ya halali kwa anwani yangu ya halali, mambo yakenda.

Basi sasa. Ndugu zangu wote Unguja na wale wa Mombasa upande wa mama wamejua. Kila mwenye PS anaomba "kaka nifungulie". Kwa mujibu wa PlayStation mie naishi na vijana wa kiume chungu nzima ndani ya chumba kimoja hapa Ruwi. Mmoja wao ana miaka kumi na mbili, kwenye akaunti ni mtu mzima ana mke. Juzi anapiga simu eti imemuuliza namba ya siri iliotumwa kwenye simu, simu ni yangu, na mie nipo kazini. Bwana huyu mtoto kapiga mpaka nikahisi kuna msiba.

Kwa hivyo nakubaliana na ndugu wa Nairobi. Hela inatoka Darajani, inahesabika Oman.

---

kipara_wa_vita

Mbona mnaisahau Ghost of Tsushima. Mei hiyohiyo ya 2024 inakuja PC, gemu la Sony ambalo sehemu kubwa unacheza mwenyewe, samurai na farasi wake, akaunti ya PSN inahitajika upande wa kucheza na watu tu. Wakaitoa Steam kwenye nchi hizohizo na waliokuwa wameshalipia kabla wakarudishiwa hela. Hii ilikuwa SIKU CHACHE baada ya kusema wanajifunza. Hapo ndo nilipoacha kuamini kwamba ni bahati mbaya.

Septemba ikaja God of War Ragnarök PC nayo inataka PSN hata ukicheza mwenyewe na Kratos wako. Januari 2025 ndo wakalegeza, wakasema kwa magemu kadhaa, Spider-Man 2, Ragnarök, The Last of Us Part II na Horizon, akaunti sasa ni hiari na ukiunganisha unapewa zawadi ndani ya gemu. Yaani ilichukua miezi nane kugundua kwamba mtu ukimpa peremende anakuja mwenyewe.

Na katikati hapo kulikuwepo na Concord, gemu lao jingine. Limetoka Agosti 23, 2024, limezimwa Septemba 6, wakarudisha hela za wote. Kampuni yenye hela ya kutengeneza gemu la kuishi wiki mbili inashindwa kuongeza mistari kumi kwenye listi ya nchi.

---

Mzee_wa_PS1

@kipara_wa_vita Concord hela walirudisha haraka na bila maneno, pale walifanya kiungwana tuwape haki yao. Ukweli usemwe.

Ila kuhusu Kausha Damu na chipu za PS2, mdogo wangu hiyo hoja huwa naisikia na inanichosha. Tulichoma CD kwa sababu CD halali ilikuwa haipo. Haikuwa ghali, HAIPO. Mwaka 2006 ungeenda duka gani Dar ukakuta PES 6 ya PS2 kwenye boksi lake? Mimi nilimwomba mjomba mmoja wa melini aniletee, akaniletea ya Japani yenye maandishi ya Kijapani mwanzo mwisho, nikacheza hivyohivyo menyu nazijua kwa kukariri. Steam ilivyokuja na bei ikaonekana na kadi ya benki au ya simu ikakubalika, watu wakalipa. Wenyewe tu, bila kushikiwa fimbo.

---

dogo_wa_chuo_udom

Wakuu samahani nitoke nje ya mada kidogo. Mimi laptop yangu nimeipata juzi inaweza kulibeba hilo Helldivers 2, nalitaka na washkaji wa hosteli. Kuna jamaa Telegram anauza kodi (code, zile namba za kufungulia gemu) za Steam nusu bei anasema ni za Poland zinafanya kazi popote. Nichukue?

---

Oregon_ya_Umoja

Dogo USICHUKUE. Mimi nilichukua kodi ya game ingine kwa mtu kama huyo, ikaingia vizuri, nikacheza wiki mbili, ikatolewa kwa library juu ilinunuliwa na kadi ya wizi. Yule msee alikuwa ameblock namba yangu tayari.

Fungua Steam kwa akaunti yako ya kawaida, tafuta jina la gemu. Ikitokea na bei, nunua hapo. Isipotokea achana nayo. Na usitumie VPN, ile ya kujifanya uko nchi ingine, kununua, Steam wakishika wanaweza funga akaunti yako na magemu zako zote.

---

Msela_wa_Tabata

Asanteni wakuu uzi umenoga kuliko nilivyotegemea, bibie wa matangazo hasa. Sasa hili la Oregon limenikaa. Hebu tufanye hivi, kila anayepita hapa aandike mashine aliyonayo, mji anaoishi kweli, na nchi iliyoandikwa kwenye akaunti yake. Usiweke jina wala email. Ikifika idadi ya maana naikusanya naituma kwa huduma kwa wateja wao, na kwa kurasa zao zote, na kwa hao Carry1st pia kwa kuwa wao wapo Afrika na wana mlango wa kuingilia. Najua itajibiwa na roboti. Itume tu.

Naanza. PC na PS4. Tabata. Uingereza.

---

Mzee_wa_PS1

PS4 na PS5. Morogoro. Marekani, Delaware, nako hakuna kodi.

---

Mtoto_wa_Ngambo

PS5. Muscat. Oman. Na hawa vijana wa Unguja niwaandike mie au waje wenyewe?

---

Msela_wa_Tabata

Waje wenyewe mkuu, ukiwaandika wewe watahesabiwa Oman tena.

---

kipara_wa_vita

PC tupu. Mwanza. PSN sina na sifungui.

---

Kausha_Damu

PS4. Arusha. Afrika Kusini. Msinianze.

---

Oregon_ya_Umoja

PS5, Umoja 2, mnajua tayari. Kausha Damu hebu niambie vocha za Afrika Kusini unatoa wapi na ni pesa ngapi, juu hizi za dola zimepanda vibaya sana.